Ghushi ni Ghushi, Hata kwa Sarafu ya Kale

Ndugu wanafunzi na wazazi, hapa Mbeya na kwa jirani zetu wa Iringa habari za "rupia za Mjerumani" haziishi. Wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa rupia na heller (tulikopata neno "hela") hazinunui kitu dukani leo, kuziigiza au kuzigeuza si kosa. Sisi hatukubaliani nao.

Mwaka 1916, vita vilipowabana, Wajerumani walipiga sarafu katika karakana ya reli mjini Tabora: rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, na heller 20 za shaba. Wakusanyaji huilipia fedha nyingi ile ya tembo, ndiyo maana ikaigizwa. Mwingine huchukua sarafu halisi akaifuta mwaka au akaipaka rangi ya dhahabu.

Kuuza mfano huku ukisema wazi kuwa ni mfano, hatuoni ubaya. Uharamu umo katika kuficha. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta ndani kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kutouweka unyevu ule juu watu wauone. Sarafu iliyopakwa rangi ni rundo lile lile. Aliyefichwa kasoro ana haki ya kurudisha mali na kurejeshewa fedha zake. Nayo Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, inamhesabu anayejipatia mali kwa udanganyifu kuwa mkosaji.

Basi ukiuza, sema unachokijua. Usichokijua, sema hujui. Wallahu aalam.