Nani Alisema Kaskazini Ndiko Juu?

Hebu tuambiane ukweli: angani hakuna juu wala chini. Juu ni kinyume cha upande unakovutwa, basi. Ukishaiacha Dunia nyuma, neno hilo halina kazi.

Lakini bado tunameza kwamba kaskazini ndiko juu. Tarehe 7 Desemba 1972, wanaanga wa Apollo 17 walipiga picha maarufu ya Dunia, Afrika ikionekana waziwazi. Katika picha yenyewe, Antaktika iko juu. Ikapinduliwa ndipo ikasambazwa, ati ifanane na ramani.

Wanaastronomia nao wamekubaliana kwamba kaskazini ya kila sayari ni upande ule ule wa kaskazini yetu. Ndiyo maana Zuhura husemwa inajizungusha kinyume. Sawa, kazi inataka kanuni. Ila msituuzie makubaliano kama maumbile.

Kwetu pwani, kaskazi na kusi ni pepo. Kila moja ina msimu wake, hakuna inayomkalia mwenzake kichwani. Na ukisimama Nanyuki, penye ikweta, ncha zote mbili za anga ziko kwenye upeo wa macho, moja huku, nyingine kule.

Kwa hivyo mwalimu, tafadhali, usimwambie mtoto wangu kwamba Ulaya iko juu yake.