Nyaya za umeme Bukavu ni za nani?

Mtu wa Kadutu au Panzi anajua saa za delestaji kuliko saa za ibada. Na mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa kwetu! Ruzizi I inafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II, ya mwaka 1989, ni ya SINELAC, shirika la Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi III ya megawati 206 tungali tunaingojea, nayo pia itagawanywa kwa nchi hizo tatu. (Chupa za plastiki tunazotupa sisi ndizo zinazokwenda kuziba mitambo. Hapo tusimsingizie mtu.)

Lakini maji na mitambo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni nyaya. Kwa miaka mingi SNEL peke yake ilizalisha umeme, ikausafirisha na kuuuza. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungulia wengine mlango, ikaweka na msimamizi, ARE, huko Kinshasa.

Tazameni Goma. Virunga Energies ilileta umeme wa maji kutoka Rutshuru. Nuru ikajenga kituo cha jua cha megawati 1.3 mwaka 2020. Familia nyingi zimepata mwanga, nasi tunashukuru. Lakini kila kampuni ina nguzo zake na bei yake, na mwenye nguzo ndiye anayechagua avenyu ipi ipate umeme. Badala ya bwana mmoja, wamekuja kadhaa.

Sasa tuangalie paa za makanisa yetu. Paneli tulizonunua kwa ajili ya vipaza sauti vya Jumapili, siku sita zinaota jua bure, na kituo cha afya jirani kinawasha mshumaa. Umeme huo ungeweza kupita kwenye waya wa mji. Unahitaji mita inayohesabu pande zote mbili, bei inayojulikana, na kifaa cha kukata umeme wetu wenyewe pale SNEL inapokata, la sivyo tutamuua fundi aliye juu ya nguzo. Kanuni kama hizo haziandikwi na kamati ya kanisa. Na tangu mji ulipoingia mikononi mwa M23, Februari 2025, Kinshasa imekuwa mbali zaidi.

Kwa hiyo kampuni ikija kuomba uwanja wa parokia isimamishe nguzo, wazee waulize kabla ya kutia sahihi: mkataba ukiisha, waya huu utabaki wa nani? Na muuzaji mwingine ataruhusiwa kupitisha umeme wake humo?