Ahadi ya methani yakwama kwenye vipimo vya ikweta

ZAIDI ya nchi 100 ziliahidi mjini Glasgow, Uingereza, Novemba 2021, kupunguza utoaji wa gesi ya methani duniani kwa asilimia 30 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango cha 2020. Swali ni moja: nani atathibitisha kwamba ahadi imetimizwa?

Shahidi wa kuaminika ni hewa yenyewe. Tangu 1983, taasisi ya Marekani ya bahari na angahewa, NOAA, imekuwa ikipima hewa inayokusanywa katika chupa kutoka vituo vilivyotapakaa kuanzia Alaska hadi Ncha ya Kusini.

Vipimo hivyo vinaonyesha kuwa kaskazini mwa dunia kuna methani nyingi kuliko kusini, kwani huko ndiko iliko sehemu kubwa ya nchi kavu, mifugo, majalala na visima vya mafuta na gesi. Aidha, kiwango hushuka majira ya joto, jua linapozidisha kemikali ya haidroksili inayoiteketeza gesi hiyo, na hupanda majira ya baridi.

Karibu na ikweta, mwamuzi ni upepo. Visiwani Shelisheli, kaskazi huleta hewa ya kaskazini yenye methani nyingi. Kusi ikishika, huja hewa yenye methani pungufu kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Hivyo, kupanda kwa kiwango mwezi Januari pekee si ushahidi kwamba nchi fulani imechafua hewa.

Tofauti hiyo ina uzito. Baada ya kutulia kwa miaka kadhaa, methani ilianza kupanda tena 2007, na mwishoni mwa 2021 ikavuka sehemu 1,900 kwa kila bilioni moja ya hewa. Aina ya kaboni iliyomo inaashiria mchango mkubwa wa vijidudu, ambavyo huizalisha katika vinamasi, matumbo ya mifugo na taka. Vinamasi vya tropiki, ukiwamo wa Sudd nchini Sudan Kusini, vinatajwa miongoni mwa vyanzo.

Hata hivyo, vituo vya kupimia barani Afrika ni vichache, na setilaiti nyingi hazipenyi mawingu, ambayo hutanda majira ya mvua, wakati ule ule vinamasi vingi vinapofurika.

Pengo hilo lisipozibwa, mfugaji wa Kiafrika anaweza kubebeshwa lawama ya gesi iliyotoka kinamasini, au iliyoletwa na upepo kutoka mbali.