Ahadi Bila Ukaguzi Haijengi Amani

Kila yanapotajwa mazungumzo ya kuondoa silaha za nyuklia, husikika hoja kwamba majirani waliohasimiana hawawezi kupatana mpaka kwanza waaminiane. Sisi tunaona hoja hii imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kuaminiana si sharti la mapatano bali ni tunda lake, na tunda hilo halipatikani ila kwa ukaguzi.

Tuzitazame Argentina na Brazil. Nchi hizi zilishindania ukubwa wa Amerika ya Kusini kwa miaka mingi, na zilipokuwa chini ya tawala za kijeshi kila moja ilijishughulisha kwa siri na urutubishaji wa urani. Mwaka 1985 Rais Raúl Alfonsín wa Argentina na Rais José Sarney wa Brazil walikutana Foz do Iguaçu, wakaafikiana kushirikiana. Mwaka 1987 Alfonsín alimkaribisha Sarney katika mtambo wa Pilcaniyeu. Mwaka uliofuata Sarney naye akamfungulia mwenzake mtambo wa Aramar. Hatimaye, mwaka 1991, nchi hizo ziliunda chombo cha pamoja: wakaguzi wa Brazil hukagua mitambo ya Argentina, na wa Argentina hukagua ya Brazil. Kazi hiyo inaendelea hadi leo.

Kinyume chake ni Rasi ya Korea. Mwaka 2003 Korea mbili, China, Japani, Urusi na Marekani zilianza mazungumzo mjini Beijing. Tarehe 19 Septemba 2005 Korea Kaskazini iliahidi kuacha silaha zake, na wote wakakubaliana kwenda tendo kwa tendo. Wino haujakauka, ukazuka mgogoro wa fedha zake zilizozuiwa katika benki moja ya Macau. Oktoba 2006 ikalipua bomu la majaribio. Mwaka 2008 iliubomoa mnara wa kupozea kinu cha Yongbyon mbele ya kamera za dunia, lakini Desemba mwaka huo pande zote zilishindwa kuafikiana namna ya kukagua. Mwaka 2009 ikajitoa, na meza hiyo haijakaliwa tena.

Atasema msemaji kwamba Argentina na Brazil hazikuwa na bomu, hivyo kazi yao ilikuwa nyepesi. Ni kweli, lakini hiyo ni sababu ya kuanza mapema, si ya kukata tamaa. Tena insafu yataka tuseme jambo la pili: huko Amerika ya Kusini kila mkaguzi naye alikaguliwa. Huko Korea, mmoja alitakiwa aweke wazi kila kitu mbele ya dola zenye maelfu ya mabomu.

Ahadi ni deni. Lakini deni lisilo na shahidi huzaa ugomvi, na shahidi wa mapatano ya silaha ni mlango uliofunguliwa pande zote mbili. Anayewataka jirani zake wafungue milango yao, na aanze na wake.