Shahada Huhitaji Mashahidi: Familia na Siku ya Mahafali

Kila msimu wa mahafali unapowadia, nyumba za Kisauni hubadilika sura. Kuanzia Mlaleo hadi Mtopanga, Bombolulu hadi Kiembeni, utaona turubai limefungwa uani, masufuria ya pilau yameinjikwa, na akina mama wameshona sare za leso. Hiyo ni furaha ya haki. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kila mhitimu wapo watu waliokesha, waliochanga na waliojinyima.

Hata hivyo, ipo haja ya kujiuliza: siku hiyo huwa tunaipanga kwa ajili ya nani? Kwa maoni yangu, familia nyingi hupanga vizuri chakula, mavazi na usafiri, lakini jambo lililo kuu, yaani mzazi kuelewa yanayotendeka uwanjani, halimo katika ratiba ya mtu yeyote. Sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio wa kwanza kulaumiwa kwa upungufu huo, kwani chombo cha kuuondoa kimo mikononi mwetu.

Tuanze na maneno yenyewe. Kabla ya vyuo vikuu kuja, mwambao ulikuwa umekwisha kuwa na msamiati wa sherehe hii. Chuo kilikuwa mahali mtoto alipofundishwa Kurani. Kuhitimu kulikuwa kuikamilisha, na siku hiyo jamaa na majirani waliitwa wakala na kuomba dua. Joho lilikuwa vazi la heshima lililovaliwa juu ya kanzu na bwana harusi au mtu mwenye cheo. Mahafali ni neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya mkusanyiko. Ama shahada, asili yake ni kushuhudia. Chuo kikuu kiliyaazima maneno haya yote kutoka kwetu, ila hakikuazima desturi iliyoandamana nayo: kwamba sherehe ya elimu ni ya nyumba nzima, na kila aliyehudhuria alijua kinachosherehekewa.

Kwa muda mrefu kikwazo kikubwa kilikuwa umbali. Kijana wa Kisauni aliyefuata shahada Nairobi alihitimu takribani kilomita 480 kutoka kwao, na jamaa wengi waliishia kuiona siku hiyo katika picha. Mwaka 2007 Pwani ilipata vyuo vikuu vishiriki viwili vya umma, Kilifi na Mombasa, na mwaka 2013 vyote viwili vikapata hati kamili: Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Leo mzazi wa Kisauni huweza kuvuka Daraja la Nyali hadi Tudor, au kushika barabara ya Malindi kupitia Mtwapa hadi Kilifi, akarejea siku iyo hiyo. Hata anayekwenda Nairobi ana garimoshi kutoka Miritini tangu mwaka 2017. Njia imefunguka, lililobaki ni mpango.

Mpango wa kwanza ni wa watu. Kadi za mwaliko huwa chache, na hapo ndipo manung'uniko huzaliwa. Baba na mama wataingia. Je, nyanya aliyemlea mtoto? Je, mjomba aliyelipa karo ya muhula mgumu, au dada aliyeuza mahamri alfajiri ili nduguye apate nauli? Ushauri wangu ni kwamba jambo hili lisiachiwe usiku wa kuamkia mahafali. Familia ikae mapema, isemwe wazi nani ataingia na kwa sababu gani, na asiyepata kadi apewe nafasi yake nyumbani. Joho likirudi Kisauni, livaliwe mbele ya nyanya kabla halijavaliwa mbele ya mpiga picha. Nyumba zetu ni za watu wa kila asili na dini, Waswahili, Wamijikenda na waliotoka bara, na kila moja ina namna yake ya kumtukuza mkubwa. Namna hiyo isipuuzwe.

Mpango wa pili ni wa gharama. Michango ni desturi njema, lakini mashindano si desturi. Mhitimu wetu aghalabu hutoka chuoni na deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, naye bado hajapata kazi. Familia ikikopa tena kwa ajili ya mahema, magari ya kukodi na keki ya ghorofa, itakuwa yale yale ya kukopa harusi kulipa matanga. Sinia la pilau na dua ya wazee havijapata kumwaibisha mtu.

Mpango wa tatu, ambao ndio kiini cha makala haya, ni wa lugha. Katika sherehe nyingi za vyuo vyetu, Kiingereza hutawala tangu hotuba hadi maneno ya kuwatunuku wahitimu. Mama hukaa juani saa nyingi, hasikii analolijua ila jina la mwanawe, na hata hilo mara nyingine hutamkwa kombo. Linakuwa jambo la kusikitisha zaidi mhitimu mwenyewe anapotunukiwa shahada ya Kiswahili. Ikiwa shahada ni ushuhuda, shahidi asiyeelewa anashuhudia nini?

Wapo watakaosema kwamba chuo kikuu ni taasisi ya kimataifa na kwamba wageni huhudhuria. Ni kweli. Lakini hakuna anayetaka Kiingereza kifukuzwe. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kurasa chache za ratiba kwa Kiswahili, na sentensi moja ya kutunuku ikirudiwa kwa Kiswahili, hazimfukuzi mgeni, zinamkaribisha mwenyeji.

Tusingoje wakuu wa vyuo watuanzie. Vyama vyetu vya wanafunzi viombe kutafsiri ratiba hizo kabla ya kila mahafali, nao wahadhiri watusaidie kusanifisha istilahi zake. Aidha, kila mhitimu wa Kiswahili aketi na wazazi wake juma moja kabla, awaeleze nani atasema nini, kofia itavaliwa lini, na tasnifu yake ilihusu nini. Kazi hiyo haihitaji mchango wa mtu yeyote, nayo itamfanya mzazi apige kigelegele mahali pake, kwa sababu anajua, si kwa sababu wenzake wamepiga. Mcheza kwao hutunzwa. Basi na tuwawezeshe watunzaji kuujua mchezo.