Ufunguo Mkuu wa Kompyuta Hautolewi kwa Cheo

Milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea, ndiyo chimbuko la Mto Ruvuma, na vijito vyake huunywesha mji huo. Kwa sababu hiyo msitu wake umehifadhiwa. Kila mkazi wa Songea ana haki ya kunywa maji yatokayo huko, lakini si kila mnywaji aliyeruhusiwa kuingia msituni na shoka. Katazo hilo si dharau kwa mtu yeyote. Kosa la mmoja huko juu ni kiu ya wengi huku chini.

Busara hiyo bado haijafika katika kompyuta nyingi za umma. Chuo cha Ualimu Matogoro, kama vyuo vingine vya ualimu vya Serikali, hutoa walimu wanaokwenda kufanya kazi katika shule ambamo kompyuta moja huweza kutumiwa na mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, mhasibu na mwalimu wa zamu. Ni kawaida kukuta kompyuta ya namna hiyo ina akaunti moja tu, nayo ni ya msimamizi, yaani ile yenye mamlaka ya kuweka programu, kufuta programu, kuzima ulinzi na kufungua mafaili ya kila mtu. Nywila yake, kama ipo, imebandikwa ukutani.

Hatari ya mazoea hayo ni rahisi kueleza. Programu inapofunguliwa, hufanya kazi kwa mamlaka ya yule aliyeifungua. Mwalimu akichomeka flashi yenye virusi na kufungua faili lililomo, hali yeye ameingia kwa akaunti ya msimamizi, virusi navyo vimepata njia ya kuwa msimamizi. Vitaweza kujificha ndani ya mfumo wenyewe na kuharibu kazi za watumishi wote. Angekuwa ameingia kwa akaunti ya kawaida, madhara kwa sehemu kubwa yangeishia katika mafaili yake, na mfumo ungedai nywila ya msimamizi kabla ya kukubali mabadiliko makubwa.

Kanuni hii si ngeni. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka yanayotosha kazi yake tu, yasizidi hapo. Hata hivyo, mfumo wa Windows XP, uliotolewa mwaka 2001, uliwazoesha mamilioni ya watu kutumia mamlaka ya msimamizi kila siku. Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilianza kumtaka mtumiaji athibitishe kwanza. Lakini hata leo akaunti ya kwanza inayofunguliwa katika kompyuta mpya ya Windows huwa ya msimamizi. Asiyefungua ya pili hubaki humo humo.

Watumishi wa umma wanaijua kanuni hii katika makaratasi tangu zamani. Anayeidhinisha malipo siye anayelipa. Mtunza bohari hatoi kitu bila hati. Masijala ya siri haiingiwi na kila mwenye meza katika jengo. Ni ajabu, basi, kwamba taarifa zile zile zikishahamishiwa katika kompyuta, milango yote huachwa wazi.

Kikwazo kikubwa ni fikra potofu kwamba akaunti ya msimamizi ni heshima, na kwamba mkuu wa ofisi akipewa akaunti ya kawaida ameshushwa daraja. Ukweli ni kinyume chake. Mkuu ndiye anayepokea barua nyingi na viambatisho vingi kutoka nje. Kwa hiyo ndiye anayehitaji zaidi kinga hiyo. Mamlaka ya kompyuta hufuata kazi inayofanywa, wala hayafuati ukubwa wa kiti. Hata fundi mwenyewe, anapoandika barua au kusoma habari, hana budi kutumia akaunti ya kawaida.

Wapo watakaosema kwamba shule haiwezi kumngoja fundi kutoka mjini kila printa inapokataa. Hoja hiyo ina uzito, na dawa yake ni utaratibu. Wateuliwe watu wawili wanaojulikana. Nywila iwekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la fedha, na kila inapofunguliwa iandikwe katika daftari, kisha ibadilishwe.

Aidha, isidhaniwe kwamba hatua hii pekee inatosha. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilishambulia kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza, kwa kupitia ufa ambao Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake mwezi Machi mwaka huo huo. Akaunti ya kawaida haizibi ufa wa namna hiyo. Kwa hiyo mifumo isasishwe, na nakala za kumbukumbu zihifadhiwe mahali pengine.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine za hesabu za Wizara ya Fedha kuleta matatizo. Marufuku hiyo ilikwisha, na leo hakuna anayetaka kurudi huko. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu mpya: anayetunza taarifa za watu hana budi kuzilinda. Alama za mwanafunzi, cheti cha kuzaliwa na namba ya simu ya mzazi ni amana. Mzazi aliyezitoa hakuulizwa nani ana nywila. Kila mkuu wa shule na kila mkuu wa idara, kabla ya wiki hii kwisha, na aulize katika ofisi yake mwenyewe swali hilo ambalo mzazi hakupata nafasi ya kuuliza.