Mkimbizi Si Mtunzi wa Riwaya

Wengi tunaoipenda By the Sea ya Abdulrazak Gurnah (2001) tunausifia udi, bahari na kumbukumbu za Zanzibar. Sawa. Ila tunapita haraka mno penye shida yenyewe. Mzee Saleh Omar anatua Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Jina ni la uongo. Jela aliyokaa ni ya kweli. Afisa anayemhoji anamnyang'anya kasha lake la udi.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Mkataba wa 1951 unamtaka mkimbizi awe na hofu ya kuteswa, yenye msingi. Haumwambii alete risiti. Lakini akifika ofisini, eti ataje tarehe, majina, nini kilitangulia nini. Mara ya pili akisema Jumanne badala ya Jumatano, basi, mwongo huyo! Hivi nani aliyevunjiwa mlango usiku akaangalia kalenda? Na nani atakwenda kwa serikali inayomsaka, aombe barua ya kuthibitisha kwamba inamsaka?

Sisi wasomaji wa riwaya tunajua kwamba hadithi isiyo na ufa mara nyingi imetungwa. Kwa utaratibu huu aliyekariri vizuri anapita, aliyeumia kweli anakwama.

Na msiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Januari 2001, mwaka uleule kitabu kilipotoka, polisi waliwapiga risasi waandamanaji Pemba, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Wangapi walibeba vielelezo?

Huku bara tuliwahi kujua njia nyingine. Hapa Bagamoyo FRELIMO walikuwa na shule yao ya sekondari, na Wamsumbiji waliovuka Ruvuma walipokelewa kwa makundi, maana vita vyao vilijulikana. Mkataba wa OAU wa 1969 ukaliweka jambo hilo kisheria: anayekimbia vurugu kubwa za nchi yake naye ni mkimbizi. Januari 2017 Tanzania ikaacha kuwapokea Warundi kwa mtindo huo. Kila mmoja ajieleze peke yake.

Sisemi kila anayebisha hodi anasema kweli. Nasema mhoji naye atafute. Yeye ana balozi, magazeti na ripoti za nchi husika. Mwenzake ana mdomo tu. Tulishangilia Nobeli ya Gurnah mwaka 2021. Basi tudai na Saleh Omar asikilizwe, hata kama jina lake halilingani na pasipoti.